Mtaji Hufuata Mpaka Unaofunguka

Yapo madai kadhaa ambayo kila mtu anayefuatilia habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki ameshayasikia: redioni, bungeni, kwenye vijiwe vya kahawa, na katika hotuba za siku ya kutia saini mikataba. Baadhi yanausifu mtangamano kupita kiasi, mengine yanautisha. Kwa kuwa yanarudiwa mno, hakuna anayeyauliza tena maswali. Nimeamua kuyajibu moja moja, kwa sababu sera za nchi zetu kuhusu wawekezaji kutoka nje zinaandikwa kwa kuyafuata, na gharama ya makosa hayo huangukia mabegani mwa mkulima wa mahindi wa Rukwa, mfugaji wa Mbarara na kijana wa Nakuru anayetafuta kazi ya kiwandani.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji ajue nasimama wapi. Mtu anayeleta fedha zake kujenga kiwanda katika nchi kama zetu huwa ananunua ahadi: kwamba mpaka ulio wazi leo utakuwa wazi hata miaka kumi na mitano ijayo, wakati gharama ya mitambo itakapokuwa imerudi. Ahadi hiyo ndiyo kitu ambacho Jumuiya inaweza kumpa mwekezaji na nchi moja peke yake haiwezi. Nasi tunaiharibu kwa mikono yetu wenyewe.

Kwamba soko la watu milioni 300 litavuta mtaji lenyewe

Jumuiya ilianza upya na nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, mkataba wake ulipoanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, Somalia 2024. Kila nchi ilipoingia tuliambiwa soko limekua, na leo hesabu inayotajwa ni zaidi ya watu milioni 300. Hesabu si ya uongo. Lakini watu waliohesabiwa hawajawa soko mpaka lori lenye bidhaa limewafikia.

Chukua maziwa. Kusini magharibi mwa Uganda, kuzunguka Mbarara, pamejengwa viwanda vya kusindika maziwa vyenye uwezo mkubwa kuliko mahitaji ya Uganda yenyewe. Mwenye akili ya biashara hajengi hivyo kwa bahati mbaya. Alitazama Umoja wa Forodha ulioanza tarehe 1 Januari 2005, akaiona Kenya yenye wanywaji wengi wa chai ya maziwa, akapiga hesabu zake. Kisha mwanzoni mwa 2020 shehena za maziwa ya Uganda zikakamatwa Kenya, na 2023 vibali vya kuingiza maziwa ya unga vikasitishwa. Mtambo uliojengwa kwa soko la nchi tano haupungui ukubwa pale nchi moja inapofunga mlango. Mkopo wake unadaiwa uleule, umeme wa kupoza maziwa unalipwa uleule, na anayepunguziwa bei mwisho wa siku ni mfugaji aliyebeba dumu lake alfajiri.

Au chukua mahindi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Sumukuvu si kisingizio cha kutunga. Mwaka 2004 iliua zaidi ya watu 100 mashariki mwa Kenya, na serikali yoyote ina wajibu wa kulinda watu wake. Lakini sumukuvu hukaa katika gunia, haikai katika uraia wa gunia. Mahindi yaliyovunwa Makueni na kuanikwa vibaya yana hatari ileile. Njia ya kulinda mlaji ni kupima shehena kwa shehena, popote ilikotoka, kwa vipimo ambavyo maabara za nchi zote zinavikubali. Kufungia nchi nzima kwa barua ya siku moja kunamfundisha mwekezaji jambo jingine kabisa: kwamba hapa kanuni inaweza kubadilika kabla lori halijafika mpakani Namanga. Zuio lile lililegezwa baada ya siku chache na kuwekewa masharti, lakini barua ilikwisha kusomwa.

Kibaya zaidi ni mipaka inayofungwa kwa ugomvi wa wakubwa. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa mpaka tarehe 31 Januari 2022. Karibu miaka mitatu. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Nchi zote hizo ni wanachama wa Umoja wa Forodha mmoja na zimesaini itifaki ya Soko la Pamoja. Aliyekuwa na kiwanda cha saruji au cha mabati Uganda kinachouza Kigali hakuhitaji mshauri wa kumweleza maana yake. Mradi wake unaofuata ataujenga kwa kupima soko la nchi moja tu, na kiwanda kidogo cha nchi moja huzalisha kwa bei ya juu.

Kwamba Nairobi itachukua kila kitu na sisi wengine tutabaki wanunuzi

Hili ndilo dai lenye mizizi mirefu kuliko yote, na Tanzania limekuwa sehemu ya malezi yetu ya kisiasa. Linastahili jibu refu kwa sababu lina ukweli ndani yake.

Miaka ya mwanzo ya uhuru, nchi tatu zilikuwa na sarafu moja, reli moja, posta moja na ushuru wa forodha mmoja. Kampuni kutoka Uingereza na kwingineko zilizotaka kuuza Afrika Mashariki zilijenga Nairobi. Hazikuhitaji kushawishiwa: pale palikuwa na reli ya kwenda Mombasa na Kampala, benki, mafundi, karakana za vipuri, na ofisi za kampuni nyingine. Kiwanda huvuta kiwanda. Mtanzania alinunua sabuni na biskuti za Kenya kwa bei iliyokingwa na ushuru dhidi ya bidhaa za nje, na mapato ya forodha ambayo Dar es Salaam ingekusanya kwa kuagiza kutoka Ulaya yakapotea. Malalamiko yalikuwa ya haki.

Tiba ya kwanza ilikuwa Mapatano ya Kampala ya 1964: viwanda vigawanywe kwa makubaliano. Tanganyika ipewe matairi, kuunganisha redio na magari ya Land Rover. Uganda baiskeli na mbolea. Kenya taa za umeme. Kenya haikuyaridhia mapatano hayo. Na kisa cha matairi ndicho kinachonifanya niandike kwa uchungu. Tanzania ikaingia ubia na General Tire ya Marekani, kiwanda kikajengwa Arusha. Kenya nayo ikaipokea Firestone, kiwanda kikajengwa Nairobi. Viwanda viwili vya kampuni mbili za Marekani, umbali wa saa chache kwa barabara, kila kimoja kikilindwa na serikali yake, katika soko ambalo wakati huo lilitosha kimoja. Walioshindana walikuwa majirani. Waliofaidi ni wenye kuuza mitambo na ujuzi mara mbili. Cha Arusha kilizalisha kwa miongo kadhaa, kikadhoofika, kikasimama. Kizazi kizima cha wakazi wa Arusha kinalikumbuka lango lake.

Kwa hiyo wanaosema Nairobi ilichukua zaidi wanasema kweli kuhusu 1962. Wanapokosea ni wanapodhani dawa ni kujifungia. Tulijifungia. Jumuiya ilivunjika 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa Februari mwaka huo mpaka Novemba 1983, na viwanda havikuhamia Tanga wala Mwanza kwa sababu hiyo. Kenya ilipoteza soko na Tanzania ilipoteza bidhaa.

Waliounda Jumuiya ya sasa walikumbuka somo hilo, na kwa maoni yangu hawasifiwi inavyostahili. Umoja wa Forodha ulipoanza 2005 haukufungua milango yote siku moja. Bidhaa za Uganda na Tanzania ziliingia Kenya bila ushuru mara moja, lakini orodha ya bidhaa za Kenya iliendelea kutozwa ushuru kuingia Uganda na Tanzania, ukipungua mwaka hadi mwaka kwa miaka mitano, mpaka 2010. Mwenye nguvu alikubali kusubiri. Huo ni upole wa kisiasa usio wa kawaida katika historia ya biashara, na ulifanya kazi kwa sababu ulikuwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha.

Tazama kilichofuata. Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi Mei 2021 alieleza kuwa Tanzania ina kampuni 513 za Kenya, zenye mtaji wa dola bilioni 1.7 na zilizoajiri watu wapatao 51,000. Wenye hofu wataisoma takwimu hiyo kama ushahidi wa kumezwa. Mimi naisoma kwa jicho jingine: huo ni mtaji uliovuka mpaka kuja kujenga huku, badala ya kubaki Nairobi na kutuletea katoni. Yale yaliyoogopwa miaka ya 1960 ni bidhaa kuja na kazi kubaki kwao. Hapa kazi zimekuja.

Upande wa pili alitaja kampuni kama 30 za Tanzania zilizowekeza Kenya, na pengo hilo ni kubwa. Lakini halikubaki palepale. Kampuni ya Bakhresa ilikwisha kusaga ngano Uganda, Rwanda na Burundi. Benki ya CRDB ilifungua Burundi 2012, kisha Lubumbashi 2023. Taifa Gas iliingia Dongo Kundu, Mombasa. Na mwishoni mwa 2024 kampuni ya Amsons ya Tanzania iliinunua Bamburi, mtengenezaji saruji mkongwe wa Kenya, kutoka kwa mwenye hisa mkubwa, Holcim ya Uswisi. Mwaka 1964 nani angekubali kwamba mtaji wa Mswisi katika saruji ya Mombasa ungechukuliwa na Mtanzania? Wakenya nao wamekwenda magharibi: benki ya Equity iliinunua benki ya BCDC ya Kongo 2020, KCB ikachukua Trust Merchant Bank ya Lubumbashi 2022.

Biashara nayo ilijibu haraka pale wakubwa walipoelewana. Baada ya ziara ile ya Mei 2021, na mahindi kuruhusiwa kupita, ununuzi wa Kenya kutoka Tanzania uliongezeka karibu maradufu mwaka huohuo kwa hesabu za Kenya yenyewe, na Tanzania ikauza Kenya zaidi ya ilichonunua. Viwanda havijengwi na kuanza kuuza kati ya Mei na Desemba. Kilichobadilika ni kwamba malori yalipita.

Sisemi kila nchi imepata fungu lake. Burundi na Sudan Kusini hazijapata, na Jumuiya ya sasa haina chombo chenye nguvu cha kuziinua, tofauti na mkataba wa 1967 ulioanzisha Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki kwa nia ya kuwekeza zaidi katika nchi zilizoachwa nyuma. Hapo ndipo mwenye wasiwasi kuhusu mgawanyo anapaswa kupeleka hoja yake: kwenye mfuko, kwenye nyaya za umeme, kwenye barabara ya kutoka Bujumbura. Kufunga mpaka hakumsaidii.

Kwamba bila msamaha wa kodi hawaji

Kenya ilitunga sheria ya maeneo maalumu ya uzalishaji kwa ajili ya mauzo ya nje 1990, Tanzania 2002, na zote mbili zinatoa miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni. Uganda na Rwanda zina vivutio vyao. Ukiwauliza maofisa wa upande mmoja kwa nini wanatoa, watakujibu kuwa jirani anatoa.

Jibu langu ni fupi. Mwekezaji anayefuata soko la Afrika Mashariki lazima ajenge Afrika Mashariki; swali lake pekee ni mji upi. Tunapompa msamaha wa miaka 10 ili aache Athi River aje Kibaha, au aache Kibaha aende Athi River, ukanda mzima haujapata kiwanda hata kimoja cha ziada, bali umepoteza kodi ya kiwanda ambacho kingekuja tu. Na anayekuja kwa sababu ya msamaha hana sababu ya kukaa msamaha unapokwisha. Malalamiko ya wabunge kuhusu kampuni zinazobadili jina ili zianze kuhesabiwa upya si ya leo.

Halafu kuna jambo ambalo watangazaji wa vivutio hawalisemi. Kanuni za Umoja wa Forodha zinakiwekea kiwanda kilicho katika maeneo hayo maalumu kikomo cha kuuza ndani ya Jumuiya, asilimia 20 ya uzalishaji wake wa mwaka, tena kwa kulipa ushuru kamili. Kwa hiyo msamaha mkubwa kuliko yote tunampa yule asiyekusudia kutuuzia sisi, huku msindikaji wa maziwa anayetegemea jirani tukimpa barua ya kusitisha kibali. Itifaki ya Soko la Pamoja ya 2009 inazitaka nchi zioanishe sera za kodi. Mkataba wa kuzuia kodi kutozwa mara mbili ndani ya Jumuiya ulisainiwa 2010, ukakaa zaidi ya miaka kumi bila kuanza kutumika. Kwa mtu mwenye kampuni Kampala na tawi Mwanza, mkataba huo mmoja una faida kubwa kuliko vipeperushi vyote vya vivutio.

Kwamba mtangamano ni mlango wa nyuma wa wageni

Hoja hii inasema kampuni kubwa kutoka Asia au Ulaya itakodi ghala kwa jirani, itabandika nembo, na bidhaa itaingia kwetu bila ushuru ikijiita ya Afrika Mashariki. Hatari hiyo ipo. Ndiyo maana kuna kanuni za uasili wa bidhaa, na ndiyo maana kila shehena inahitaji cheti cha uasili: bidhaa ihesabiwe yetu ikiwa imezalishwa hapa kikamilifu au imebadilishwa hapa kiasi cha kutosha. Ofisa wa forodha asiyeamini cheti ana haki ya kuomba uthibitisho kutoka nchi iliyokitoa.

Tatizo kubwa liko mahali pengine, na ni letu. Kanuni za uasili hufanya kazi vizuri pale nchi zote zinapotoza ushuru uleule kwa malighafi kutoka nje. Mafuta ya kula yanaonyesha kinachotokea zisipofanya hivyo. Katika mwaka wa fedha 2018/19 Tanzania, kwa nia njema ya kumlinda mkulima wa alizeti wa Singida na Dodoma, ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya mawese mpaka asilimia 25. Kenya haikupandisha. Kuanzia hapo kiwanda cha Mombasa kilisafisha mafuta ghafi yaliyoingia kwa gharama moja na cha Dar es Salaam kwa gharama nyingine, ndani ya umoja mmoja wa forodha. Mafuta yakivuka kutoka Kenya Watanzania wanalalamika kuonewa. Yakizuiwa Wakenya wanalalamika kuvunjiwa mkataba. Wote wana hoja. Kilichokosekana ni uamuzi mmoja wa pamoja kuhusu mawese na alizeti, utakaodumu miaka mitano na si mmoja.

Lakini wenye hofu ya wageni wananyamazia hatari kubwa kuliko mlango wa nyuma, nayo ni wageni wakubwa kugawana soko wakiwa wamekaa sebuleni kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya bia ya Afrika Kusini ilijenga kiwanda Thika, na East African Breweries ya Kenya ikawa na kiwanda Moshi. Kwa muda mfupi mnywaji alishuhudia ushindani wa kweli. Mwaka 2002 wakapatana: kiwanda cha Thika kikafungwa, cha Moshi kikafungwa, wakabadilishana hisa, Kenya ikabaki ya mmoja na Tanzania ikabaki ya mwingine. Hakuna ofisa wa forodha aliyehusika, wala mpaka uliofungwa na serikali. Wenye mtaji walijichorea mpaka wao, na wafanyakazi wa Thika na Moshi wakaenda nyumbani. Sheria ya Ushindani ya Jumuiya ilipitishwa 2006, miaka minne baadaye, na kwa muda mrefu ikakaa bila meno. Anayeogopa wageni aanze hapo: apiganie mamlaka ya ushindani yenye uwezo wa kukataa mapatano ya namna ile.

Na lazima tuulize mgeni ni nani. Julai 2025 Tanzania ilitoa agizo la kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo rejareja, miamala ya fedha kwa simu, ufundi wa simu na saluni. Nayaelewa machungu ya wafanyabiashara wa Kariakoo waliolalamika kwa miaka kuhusu wageni kutoka mbali wanaouza bidhaa walizoagiza wenyewe. Lakini agizo halikumtenga raia wa Jumuiya, na Kenya ililalamika. Itifaki ya Soko la Pamoja ina majedwali yanayoonyesha kila nchi ilikubali kufungua nini na lini; kama tulitaka kupunguza, mahali pa kuzungumzia ni humo. Watanzania wana maduka Nairobi na wauguzi wao wanatafuta kazi Kigali. Neno moja, "asiye raia", limewaweka Mchagga wa Taveta, Kenya, na mfanyabiashara wa Guangzhou katika fungu moja.

Kwamba kila nchi ikijadiliana peke yake hupata zaidi

Dai hili hupendwa na maofisa wenye kujiamini. Ushahidi hauwaungi mkono.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019, ili viwanda vya nguo vipate nafasi. Marekani ikatishia kuziondoa katika AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia uamuzi, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye unafuu wa mpango huo. Waliokubaliana pamoja walijibu mmoja mmoja. Mwekezaji wa nguo aliyekuwa akisubiri kuona kama soko la ukanda lingekuwa lake alipata jibu lake.

Mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya nao ulikuwa wa Jumuiya nzima, na mazungumzo yalikamilika 2014. Kenya na Rwanda zilisaini 2016, Tanzania ikakataa kwa hoja za kulinda viwanda vichanga, hoja ambazo hazikuwa za kipuuzi. Mwishowe Kenya ilisaini peke yake Desemba 2023, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Bidhaa za Ulaya zikipunguziwa ushuru Mombasa na si Dar es Salaam, ule ushuru wa pamoja tulioujenga tangu 2005 unapata ufa.

Tazama waliofanya vinginevyo. Nchi za kusini mashariki mwa Asia zilikuwa na tatizo letu lilelile la matairi: kila moja ilitaka kiwanda chake cha magari. Mwaka 1988, ndani ya ASEAN, Thailand, Malaysia na Ufilipino, na baadaye Indonesia, zilikubali utaratibu rahisi: kampuni ya magari ikitengeneza vipuri nchi moja na kuvipeleka kiwanda chake cha nchi nyingine mwanachama, ushuru upungue angalau kwa nusu na vipuri vihesabiwe kama vya ndani. Toyota ikagawa kazi: injini za dizeli Thailand, gia Ufilipino, injini za petroli Indonesia, vifaa vya usukani Malaysia. Hakuna waziri aliyeketi kugawa viwanda kwa orodha, kama Kampala 1964. Waziri alikuwa na kazi moja tu, kuhakikisha kreti la gia kutoka Manila halikwami bandarini Bangkok. Mgawanyo haukuwa sawa, Thailand ilifaidi kuliko wote, lakini hata Ufilipino ilipata kiwanda ambacho kwa soko lake peke yake kisingejengwa.

Wapo watakaonikumbusha nchi za Andes za Amerika Kusini, zilizotumia njia ngumu zaidi. Desemba 1970 zilipitisha Azimio namba 24, lililowabana wageni kwa pamoja: mipaka ya faida ya kupeleka nje, na wajibu wa kuhamishia hisa kwa wenyeji. Chile ikajitoa 1976, wengine wakalegeza kimyakimya, na 1987 azimio likabadilishwa. Nakichukulia kisa hicho kama ushahidi wa upande wangu. Kilichoshindwa ni wanachama kutotii walichokubaliana, na kampuni ziliona udhaifu huo mapema kuliko magazeti.

Kwamba 1977 imeshathibitisha haiwezekani

Jumuiya ya kwanza haikufa kwa sababu wawekezaji walikuja wengi au wachache. Idi Amin alipoichukua Uganda 1971, Mwalimu Nyerere wa Tanzania alikataa kuketi naye, na chombo cha juu cha marais watatu hakikukutana tena. Reli, bandari, posta na shirika la ndege viliendelea kuendeshwa na maofisa huku wakubwa wao hawazungumzi, mpaka fedha zikaacha kutumwa makao makuu. Mtu anayeona hapo sababu ya kukata tamaa ajiulize mbona Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ilibaki hai Kampala, na mbona nchi zilezile tatu zilirudi Arusha tarehe 30 Novemba 1999 kusaini upya. Somo la 1977 kwa mwekezaji ni lilelile la Gatuna 2019: alichokihofia ni viongozi kugombana, na bado anakihofia.

Kila Juni serikali zetu husoma bajeti, na kabla ya tarehe 1 Julai Gazeti Rasmi la Jumuiya huchapisha orodha ya bidhaa ambazo kila nchi imeruhusiwa kuzitoza ushuru tofauti na ule wa pamoja kwa mwaka mmoja. Ni waraka wa wazi, mrefu, usiosomwa na wengi. Mwaka huu usome. Tafuta nchi yako, hesabu mistari yake, kisha mwulize mbunge wako kwa nini kila mstari umo, na lini utatoka.